Taa za Mchana Kweupe

Nilipolinunua gari langu, kilichonipendeza kuliko vyote ni taa. Juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, kuna kidude cheusi kidogo kama kifungo cha koti. Kinapima mwanga. Giza likiingia, taa zinajiwasha. Kukiwa na mwanga, zinajizima. Swichi niliiacha kwenye oto, taa zijiamulie zenyewe, nikaisahau. Kila aliyepanda alisomewa somo hilo, atake asitake.

Baba aliporuhusiwa kutoka hospitali Nairobi baada ya upasuaji, sikumwambia mama. Alikuwa amenisihi nimpigie simu baba akitoka tu. Mimi nikataka kumfurahisha kwa ghafla. Nikamlaza baba kiti cha nyuma, nikamfunika shuka, na bahasha kubwa ya eksirei zake nikaitupa juu ya dashibodi.

Jua lilikuwa kali. Kabla ya mji wa Salama, magari ya mbele yakawa yananimulika. Nikajua wananionya kuwa polisi wako karibu, nikapunguza mwendo. Hakukuwa na polisi. Tulipokaribia kwetu Tawa, watu wa bodaboda walisimama kando, mmoja akavua kofia.

"Wanaheshimu gari," nilimwambia baba. Alikuwa amelala. Nikiyakumbuka maneno hayo, uso unanichoma hadi leo.

Kwetu, gari linalokuja polepole mchana kweupe, taa zikiwaka, limebeba maiti. Hilo hata mtoto analijua.

Mama alikuwa akianika ndengu uani. Aliona taa, kisha akaona mtu aliyelazwa nyuma, amefunikwa shuka. Alianguka palepale juu ya ndengu zake, na kilio chake kikawatoa majirani mashambani. Nilizima injini nikaruka nje. Taa zikabaki zinawaka, kwa sababu gari hili hummulikia mwenyewe njia mpaka afike mlangoni.

"Si uzime hizo taa!" jirani mmoja akanifokea.

Sikujua zinazimwaje. Sikuwahi kuzizima hata siku moja. Ndipo nikaiona bahasha, imekilalia kile kidude. Tangu Nairobi gari lilidhani ni usiku.

Kelele zilimwamsha baba. Akainua kichwa dirishani.

"Mbona mnalia? Nani amekufa?"

Mama alifungua mlango, akamshika uso kwa mikono iliyojaa vumbi, akamshika mashavu, paji, masikio. Kisha akanigeukia.

"Si nilikuambia unipigie tu simu?"

"Nilitaka kukusapraizi, mwaitu."

Majirani waliagana na baba, wakaondoka bila kunitazama. Natamani wangenicheka. Mama alipiga magoti, akaanza kuokota ndengu mchangani. Nikainama nimsaidie. Akausukuma mkono wangu.

"Wewe kaa na gari lako," alisema.