Siku Niliyomchagulia Mtafiti

Hapana, usiniambie eti ningesema ukweli tu yakaisha. Watu mkiwa mmekaa mnaongea rahisi sana. Hesabu zangu zilikuwa za kweli. Kila kijiti nilichochora kilikuwa mtu na miguu yake au pikipiki na matairi yake, sikuongeza wala sikupunguza. Kilichokuwa na kasoro ni siku. Na siku niliichagua mimi, kwa mdomo wangu huuhuu ambao haujawahi kukosa la kusema isipokuwa mara moja tu.

Mji wetu upo kati ya Kahama na Geita. Ulikuwa kijiji, watu wakaanza kuchimba dhahabu upande wa vilimani, basi ukavimba. Stendi ya zamani ipo katikati, na pembeni yake kuna safu ya meza za akina mama. Meza ya saba ukihesabu kutoka chooni ni ya mama mdogo wangu. Anauza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, na karanga, na dagaa.

Nilipofeli kidato cha nne, baba alisema nirudi kijijini Didia nikalime. Mama mdogo akamjibu, "Mdomo wote huu mnaupeleka shambani ukaongee na pamba?" Akanichukua. Sijawahi kulala njaa kwake hata siku moja, kwa hiyo mtu akimgusa mama mdogo mimi sina breki. Nimeshapigana mara mbili pale stendi kwa ajili yake, na mara ya pili nilikuwa na makosa, lakini ningerudia.

Kusoma nilijisomesha. Karanga tunafungia magazeti ya zamani, na mimi sifungi gazeti sijalisoma. Kompyuta nilijifunza kwenye duka la kutoa kopi. Nilikuwa namsaidia dada wa pale kuchapa barua za watu, mpaka nikawa namshinda kasi.

Ni palepale dukani nilipokutana na mtafiti. Kijana wa watu, kaja kutoka chuo huko Dar, shati limechomekewa, anasalimia mpaka paka. Alitaka kopi za fomu zake. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mashine, na mimi karatasi haipiti mkononi hivihivi. Juu kabisa ilikuwa imeandikwa kwamba ni utafiti wa msongamano, usafiri na tabia za wanunuzi katika miji inayokua.

Neno la kwanza tu likanichemsha.

"Kaka," nikamwambia, "huu msongamano mkishaujua, mnaufanyaje?"

"Tunashauri namna ya kuupunguza, dada."

"Mnaupunguza kwa kutoa nini?"

Akacheka. "Sisi hatutoi kitu. Tunaandika tu."

Tunaandika tu. Nikiwa bado shuleni walikuja wengine, nao walikuwa wanaandika tu. Walihesabu watu upande wa pili wa barabara, kwenye vibanda vya mitumba, wakakuta wamejaa. Baadaye ikaja rangi nyekundu, kila kibanda alama ya X, kisha likaja greda. Bibi mmoja aliyekuwa anauza vikombe pale alirudi kwao Songwa na gunia la vipande. Hilo ndilo lililonijia kichwani kijana wa watu akiwa ananichekea.

Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kuhesabu, anayejua Kisukuma na anayejua kujaza fomu. Dada wa duka akaninyooshea kidole. "Huyo hapo. Ila ujue anaongea."

"Nataka anayeongea," mtafiti akasema.

Akanifundisha kazi nusu saa. Mtu akipita kwa miguu, kijiti. Baiskeli, kijiti kwenye safu yake. Pikipiki, bajaji, mchomoko, ndiyo zile gari ndogo zinazochukua abiria wa porini. Vijiti vinne unavikata na cha tano. Halafu unasimamisha mtu mmoja mmoja unamuuliza: unatoka wapi, unakwenda wapi, unanunua wapi vitu vyako vya nyumbani. Kazi ya siku moja, kuanzia kunakucha mpaka jua linazama, na yeye atakuja kupiga picha.

Mwisho akauliza, kalamu iko tayari, "Dada, wewe ndiye mwenyeji. Sitaki siku ya sikukuu, sitaki siku ya ajabuajabu. Siku gani mji wenu unakuwa kawaida?"

Nikajibu bila hata kumeza mate. "Jumatano."

Akaandika.

Sasa ngoja nikwambie Jumatano ni nini. Kwetu kila eneo lina siku yake ya mnada, ng'ombe, nguo, masufuria, vyote uwanja mmoja. Jumatano ni zamu ya mnada mkubwa upande wa Ushetu. Alfajiri fuso linapiga honi stendi, akina mama wote wa safu wanapakia magunia na wao wenyewe wanapanda juu ya magunia. Kabla ya kuondoka kila mmoja anapindua meza yake, miguu juu, mbuzi wasilale na walevi wasikae. Michomoko nayo siku hiyo haiji stendi, inakwenda moja kwa moja mnadani. Jumatano stendi yetu unaweza kuanika mahindi.

Wala hiyo akili sikuitoa mbali. Babu yangu kule Didia, akisikia watu wa kuhesabu mifugo wanakuja, usiku uleule nusu ya ng'ombe walikuwa wanahamia kwa shemeji yake. Wahesabuji wakifika wanakuta zizi lina nafasi ya kucheza mpira. Babu anawakaribisha, anawapa na maziwa. Nyumbani hadithi hiyo tulikuwa tunaicheka mpaka machozi. Nimekua nikijua kwamba mtu mwenye daftari akija, unachokipenda unakificha.

Basi Jumatano nikakaa juu ya kreti ya soda na fomu zangu. Nikahesabu kwa haki kabisa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kijiti. Baiskeli ya mtu wa maji, kijiti. Waendesha bodaboda wawili watatu waliobaki walikuwa wamelala juu ya pikipiki zao. Mmoja akafungua jicho.

"We mama takwimu, unahesabu nzi?"

"Nakuhesabu wewe. Umeandikwa mzigo uliotelekezwa."

"Basi andika na mzigo una njaa. Mama mdogo wako kaenda na karanga zetu."

Wale wachache niliowasimamisha niliwauliza wananunua wapi. Mwalimu akasema dukani karibu na benki. Nesi akasema dukani karibu na benki. Nikaandika. Mtafiti akaja adhuhuri na kamera, akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Ni hivi kila siku?"

"Si umeniambia siku ya kawaida?"

Akapiga picha. Jioni mama mdogo akarudi na vumbi mpaka kwenye kope, akaniuliza kazi ilikwendaje. Nikamwambia imekwenda vizuri, hamna msongamano wowote. Nilijiona nimemjengea ukuta.

Miezi ikapita. Siku moja tukaitwa kwenye mkutano ukumbini, wafanyabiashara wote wa stendi. Afisa mmoja wa mipango akawasha projekta, akasema kuna utafiti wa kitaalamu umefanyika. Nikakaa wima. Akasema utafiti umeonyesha stendi ya zamani haina msongamano. Nikamgusa mama mdogo na kiwiko.

Akaendelea. Kwa kuwa haina msongamano, haina watu. Kwa kuwa haina watu, haina mahitaji. Wanunuzi wa mji huu, utafiti umesema, wananunua madukani karibu na benki. Kwa hiyo stendi itahamia nje ya mji, ng'ambo ya mto, eneo kubwa la kisasa, na pale pa zamani patakuwa maegesho ya malori.

Halafu akaweka picha ukutani. Safu yetu, tupu, meza zote miguu juu kama mende waliopuliziwa dawa.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Hiyo si Jumatano hiyo!"

"Jamani, meza yangu! Mbona mmeipiga picha haijavaa!"

Mama mdogo hakucheka. Alisimama. "Shikamooni wakubwa. Mimi naomba kuuliza, nani aliwaambia mje Jumatano?"

Afisa akafunua karatasi. "Siku ilichaguliwa na mwenyeji wa hapahapa. Msaidizi wa utafiti."

"Msaidizi ni mtoto wangu," mama mdogo akasema, na sauti yake ilikuwa ya kujivunia, nakwambia, ya kujivunia. "Yupo hapa. Huyu anajua kila siku ya mnada wa mkoa huu. Hawezi kuwaambia Jumatano. Mtakuwa mmekosea huko kwenye kuandika."

Watu wote wakanigeukia. Mimi, ambaye nimeshawahi kubishana na trafiki mpaka akakaa chini. Mdomo ukawa kama nimekula unga mkavu. Niliangalia viatu vyangu mpaka mkutano ukafungwa.

Usiku ule nilimpigia mtafiti simu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Dada, nilikuuliza wewe kwa sababu nilikuamini," akasema. "Mchimbaji ananunua wapi? Mimi sikumwona hata mmoja siku ile."

Nikamwambia kila kitu. Mtu wa duara, yaani shimo la dhahabu, hatoki nyumbani kwenda sokoni. Anashuka na pikipiki mpaka stendi, na anaponunua ni pale anaposubiri gari lijae. Duara likitema dhahabu, anajaza mfuko hapohapo, michembe na dagaa za kupeleka kwao. Ukiihamisha stendi ng'ambo ya mto, wao watapanda magari hukohuko juu, hawatashuka tena mjini.

Nikamsikia anaandika. "Haya ndiyo niliyokuja kutafuta," akasema.

Alinishauri niandike barua nieleze siku ilivyochaguliwa, na yeye akaandika yake. Jumamosi na Jumatatu nilikaa tena kwenye kreti, bila kutumwa na mtu, nikahesabu upya mpaka vidole vikafa ganzi. Fomu zilijaa, nikachora vijiti hata pembeni. Nikazipeleka kwa yule afisa. Alisoma barua polepole, akavua miwani.

"Kwa hiyo mara ya kwanza ulitupanga makusudi."

"Ndiyo."

"Na hizi nitajuaje hujanipanga?"

Akaziweka chini ya faili lingine, akasema zitaangaliwa.

Mama mdogo nilimwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Alikuwa anapepeta karanga. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Alipepeta mpaka ungo ukawa safi.

"Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, "baadaye ilipoletwa dawa ya ng'ombe, unajua babu yako alipewa ya ng'ombe wangapi? Ya wale waliohesabiwa. Waliobaki walikufa tukawaangalia. Hiyo sehemu ya hadithi hatukuwahi kuisimulia mbele yenu." Akamimina karanga kwenye debe. "Ungeniuliza tu. Ningekwambia Jumamosi."

Wenye rangi nyekundu wamekuja wiki iliyopita. Wamekuja Jumatano, kwa hiyo alama ya X wameipiga kwenye tumbo la meza. Siku nyingine zote huioni. Mama mdogo anauza juu yake, wateja wamejaa, wachimbaji wanagombania michembe, na bado anawaambia watu mtoto wake anafuatilia suala hilo ofisini.

Nafuatilia. Kila asubuhi nipo kwenye benchi nje ya mlango wa yule afisa. Lakini wewe unayesema ningesema ukweli tu: umeliona greda kwa macho yako, umemwona bibi na gunia la vipande, halafu kaja mtu na kalamu anataka siku. Wewe ungemtajia ipi?