Likizo Tuliyomsafishia Bibi Bwawa

Nikisikia harufu ya klorini mahali popote, hata ikiwa imetoka kwenye kitambaa cha kupigia deki hospitalini, moyo wangu huchangamka. Wenzangu huchangamshwa na asumini au pilau. Mimi, nifanyeje, nimeumbwa hivi. Harufu hiyo hunirudisha Kizingo, Mombasa, katika likizo moja ya Disemba ya miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tukahamia kwa muda katika nyumba ya watu. Rafiki wa baba alikuwa amesafiri kwenda Maskati na jamaa zake wote, akamwomba baba amkalie nyumba mpaka shule zifunguliwe. Sisi watu wa Mji wa Kale, tuliozoea kumsikia jirani akikohoa upande wa pili wa ukuta, tukajikuta katika jumba lenye bustani na ua mrefu, kwenye mtaa ambao kila mtu hupita ndani ya gari na sisi peke yetu ndio tuliokuwa tukitembea kwa miguu. Na nyuma ya jumba hilo kulikuwa na bwawa la kuogelea.

Sasa bwawa lenyewe! Lilikuwa kijani kama mchicha uliosahauliwa sufuriani. Kuta zake zilikuwa na ukoga wa kuteleza, majani yalioza juu ya maji, na mbu walikuwa wamejijengea mji wao humo. Mama alipoliona alisema alhamdulillahi, safari hii tutaugua malaria kitajiri. Baba, karani wa bandarini, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno machache, alisema tulifungie mlango tulisahau. Lakini Bibi, mama mzazi wa baba, ambaye tulihama naye, alisimama ukingoni akaegemea mkongojo wake, akaliangalia lile bwawa kwa muda mrefu sana.

Usiku ule wakati wa chakula alituambia anataka kuogelea. Tulidhani ni mzaha. Akatueleza kwamba alipokuwa msichana, yeye na wenziwe walikuwa wakishuka pwani chini ya mji kabla ya jua kuchomoza, na hapakuwa na wa kumshinda kwa kupiga mbizi. Siku alipovunja ungo akawekwa ndani, na tangu hapo hakuingia tena katika maji yoyote isipokuwa ya ndoo. Hapa Kizingo, alisema, kuna ua mrefu na hakuna mwanamume wa kuchungulia. "Kabla mwenye nyumba hajarudi, nataka nizamishe kichwa changu humu, mara moja tu." Mama alikuwa ameanza kucheka, lakini alipomtazama usoni aliacha. Kuanzia hapo nyumba nzima ilikuwa na kazi moja.

Kulimwaga lile bwawa tujaze maji mapya hakukuwezekana. Maji ya mfereji siku zile yalikuja yakipenda, na mtu wa Mji wa Kale kumwaga maji mengi vile ni sawa na kumwaga unga wakati wa njaa. Bibi akasema asihangaike mtu, yeye anajua dawa. Akamtuma baba nyumbani kwetu, kwenye kisima cha uani, akalete samaki. Kwetu kila kisima na kila birika la msikiti lina visamaki vyake. Hula viluwiluwi vya mbu, na vikionekana vinacheza basi watu hujua maji ni salama. Baba, na shati lake lile la pasi, alivuka mji akiwa amebeba ndoo ya samaki, akiomba Mungu asikutane na mtu wa ofisini. Samaki wakatiwa bwawani, na kwa kweli mbu walipungua. Ila maji yalibaki kijani vilevile, na samaki wenyewe hawakuonekana humo.

Ndipo Bibi akaleta shabu. Hayo mawe meupe mnayajua, ndiyo wazee waliyokuwa wakiyatumia kutulizia maji ya tope mtungini. Mama aliyatwanga kwenye kinu, mimi nikayayeyusha ndoo baada ya ndoo, tukamwaga jioni tukazunguka tukikoroga kwa upondo mrefu wa mashua. Asubuhi yake, wallahi, nilitoka nje nikapiga ukelele. Maji yalikuwa meupe! Ungeweza kuhesabu vigae vya chini, isipokuwa vilikuwa vimefunikwa na tope la kijani, zito na laini, ambalo shabu ilikuwa imelivuta lote likalala sakafuni. Bibi alikuwa bado kwenye msala wake. Mama akasema pasiwe na mtu wa kuyagusa maji mpaka tujue namna ya kulitoa lile tope.

Ila hakuna aliyemwambia baba. Alikuwa akirudi kutoka msikitini, kikoi kiunoni, uso umetulia kwa ibada. Akafika ukingoni, akaona maji yanang'aa. Sijui ni shetani gani alimpitia yule mtu mpole, maana alivua kanzu na kofia, akakimbia hatua tatu nne, akajirusha kwa kishindo hata kunguru wakaruka mitini. Alipoibuka alikuwa na tabasamu ambalo sikuwahi kumwona nalo, na kiganja cha tope juu ya kichwa. Na bwawa lote, kutoka pembe hii hadi ile, lilikuwa kijani tena. Mama aliketi chini kwa kucheka. Bibi alitoka na tasbihi yake, akamtazama mwanawe aliyesimama kwenye ule mchuzi, akamuuliza kama amemaliza.

Kicheko kile ndicho kilichomleta Mama Tasnimu. Huyu alikuwa jirani yetu, mama wa Kibohora mwenye duka la rangi na dawa za maji huko karibu na Biashara Street, mwenye sauti ya kuamrisha na roho ya kugawa. Aliingia na rida, lile vazi lao la kujisitiri, ya rangi ya waridi, akalizunguka bwawa, akasema sisi tumelifanya birika la kutawadhia. Akatoa kijisanduku chenye vichupa viwili: unatia maji, unadondosha dawa, unatazama rangi. Kichupa kimoja hugeuka manjano kukiwa na klorini. Chetu kilibaki cheupe pepe. Cha pili hupima ukali wa maji, nacho kikaonyesha kwamba shabu yetu ilikuwa imeyafanya maji kuwa makali kama limau, yatakayochoma macho. Alinikabidhi mimi kile kijisanduku kwa sababu, alisema, macho yangu bado mapya. Hapakuwa na mtoto mwenye maringo kama mimi Mombasa nzima.

Basi tukaanza upya, na safari hii kwa mpango. Kwanza samaki, ambao Mama Tasnimu alisema klorini itawaua. Tuliwavua kwa chandarua tukawarudisha kisimani kwao, na Bibi akanuna. Tukasugua kuta kwa fagio za makuti mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tukatia magadi kuupunguza ule ukali, kidogo kidogo, nami nikipima kila mara. Klorini tuliitia jua likishatua, maana jua la Mombasa huila dawa kabla haijafanya kazi. Mama Tasnimu aliifufua pampu iliyokuwa imekufa kwa kutu, ikanguruma, ikaanza kuyapitisha maji kwenye pipa la mchanga la kuchujia. Ukoga ulikufa ukageuka kijivu, ukazama, na baba, kwa adabu kubwa na bila kuambiwa na mtu, akaunyonya wote kwa mpira mrefu hadi kwenye migomba. Siku iliyofuata bwawa lilikuwa buluu, buluu ya kweli, na sisi tulisimama tumeshikana mikono tukilitazama.

Bibi akakataa kuingia.

Alisema maji yasiyoweza kufuga samaki si maji ya kutia mwili. Mama alimbembeleza, Mama Tasnimu alimweleza, baba alimsihi akiwa nyuma ya mlango. Wapi. Mama alikwishamnunulia leso mpya za kuogelea, na shangazi zangu walikuja kutoka mjini, wakavua mabuibui wakatumbukia na leso zao zikivimba kama maandazi, wakipiga mayowe ya furaha. Bibi alikaa kwenye kiti kivulini akiwatazama. Mwenye nyumba alikuwa arudi kesho yake. Mimi niliogelea kidogo nikatoka, kwa sababu sikuona raha kila nikiutazama uso wake.

Nikarudi kwenye kijisanduku changu. Nilikuwa nimezoea kupima kila kitu: maji ya madafu, sharubati, hata chai, na mama alikuwa keshanigombeza. Kando ya kiti cha Bibi palikuwa na buli lake la kutawadhia, limejazwa maji ya mfereji yaliyokuja asubuhi ile. Nikapima bila kufikiri. Kichupa kikageuka manjano. Nilikwenda bwawani nikapima tena, nikavishika vichupa vyote viwili mbele ya macho yake: hiki chako cha udhu, Bibi, hiki cha bwawa. Rangi ilikuwa ileile. Alinitazama, akatazama buli, akanitazama tena, kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Kumbe mimi nayaoga haya kila siku ya Mungu," alisema. "Leteni leso."

Alishuka ngazi akishikwa huku na huku. Maji yalipomfika kifuani aliwaambia waliomshika wamwachilie, akavuta pumzi, akazama. Alikaa chini mpaka shangazi yangu mkubwa akaanza kuita jina lake. Akaibuka upande wa pili kabisa wa bwawa, nywele nyeupe zimemganda usoni, na wanawake wote wakapiga vigelegele vilivyosikika, nina hakika, mpaka Mbaraki. Mkongojo ulibaki kwenye nyasi. Alikwenda akarudi, akalala chali juu ya maji amefumba macho, akazama tena. Nililia kwa furaha nikiwa ndani ya maji, ambapo hakuna anayejua.

Alasiri ikapita. Leso zikaanikwa, chai ikapoa, mama akamwita atoke asije akashikwa na baridi. Bibi hakufungua macho. "Niache, mwanangu," alisema taratibu. "Ile siku ya pwani nilitolewa sijamaliza." Hakuna aliyemwita tena. Tuliketi ukingoni wanawake wote, miguu majini, tukamngoja.

Bibi ameshatangulia mbele ya haki, na lile jumba limevunjwa, pamejengwa ghorofa. Siku hizi kuna mahoteli yenye saa za wanawake, mashine hutia dawa yenyewe, na sijaona mtu akisugua ukuta. Ni raha, sikatai, ingawa hakuna anayecheka kama tulivyocheka sisi. Binti yangu amefika umri ule ambao Bibi aliitwa atoke pwani. Kila Jumamosi nampeleka kuogelea, na saa zetu zikiisha wenzake wote huitwa na mama zao. Mimi humuuliza kwanza kama amemaliza. Akitikisa kichwa, nakunja suruali yangu, natia miguu majini, namngoja.