Mkono wa Kushoto wa Mama

Kope ya jicho la kulia la mama ilishuka isiinuke tena wakati mitumba ilipofurika Mbagala. Aliuza magauni juu ya turubai, na wateja walimtania: "Mama, unanikonyeza?"

"Nakukonyeza ununue," alijibu, huku kichwa kikimgonga.

Hospitalini daktari alituambia kwamba mshipa mmoja wa damu, nyuma ya jicho lile, umevimba kama puto na unaweza kupasuka. Angefunga mshipa mkubwa wa shingoni upande huo, ili damu isiupige tena ule uvimbe. Ila watu hatufanani hata ndani ya fuvu. Kwa wengi mishipa hukutana chini ya ubongo kama duara, na upande mmoja ukikatiwa damu, wa pili huulisha. Kwa wengine kiungo cha duara hilo ni chembamba kama uzi, au hakipo kabisa.

Jaribio la daktari, la kujua mama yuko kundi gani, lilikuwa kidole gumba. Mama angeinua mkono wa kushoto na kuuacha juu, naye angembana shingo upande wa kulia.

Gauni la wodini lilikuwa na mikono mifupi, na wanaume wageni walikuwa wakipita. Shangazi, dada yake baba, akaufunika mkono wa wifi yake kwa kanga. Daktari akabana, macho yake yakiwa usoni kwa mama.

"Unanisikia, mama?"

"Nakusikia, baba."

Kanga haikushuka.

"Safi," alisema daktari. Shangazi akatabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani.

Baada ya upasuaji mama aliamka akiwa amepooza upande wote wa kushoto. Daktari alikuja kukaa nasi kwenye benchi.

"Sielewi. Kiungo kile hana, na ubongo wa kulia ndio unaoongoza mkono wa kushoto. Mkono ungeanguka palepale nilipombana."

Shangazi alimkazia macho.

"Kumbe ulitakiwa uanguke?"

"Ndiyo, mama."

"Mie niliona unatetemeka. Nikajua wifi kachoka. Nikamshikilia kiwiko, chini ya kanga."

Daktari aliinamisha kichwa.

Hatukumwambia mama. Shangazi alihamia kwetu, akamwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Mama alikufa kabla ya mfungo, na mpaka mwisho aliogeshwa akisema, "Ahsante, wifi yangu, Mungu akulipe." Na kila aliposema hivyo, shangazi aliweka kata ya maji chini, akatoka uani.