Roketi ya Mtani Wangu

Kuna watu wanaosamehe upesi. Mimi si mmoja wao, na sioni faida ya kujifanya. Mtu akinikosea namhifadhi, kama mahindi ya mbegu yanavyohifadhiwa darini juu ya moshi wa jiko, na huko haozi.

Niliyemhifadhi muda mrefu kuliko wote ni mwalimu mwenzangu wa hesabu. Yeye kwao Iringa, mimi Mngoni wa hapahapa Songea, kwa hiyo sisi ni watani. Mtani anaweza kukuambia mbele za watu kwamba babu zako walikimbia kutoka kusini mpaka wakaishiwa pumzi, ndiyo maana wakaanguka hapa, nawe unatakiwa ucheke na umrudishie la kwao. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, wewe ndiye unayeonekana huna adabu. Basi wapo wanaoufanya utani kuwa mwavuli, wakatenda chini yake mambo ambayo si utani hata kidogo, na yeye alikuwa fundi wa hayo.

Mimi nafundisha fizikia katika shule ya kutwa iliyo pembeni ya mji, upande ambao ukitoka darasani unaiona milima ya Matogoro. Maabara tunayo, vifaa hatuna. Mwaka huo nilichoka kuchora puto ubaoni kila nilipofika kwenye sheria za mwendo, nikaamua kutengeneza roketi inayoruka kweli. Si ya moto. Ya maji na upepo: chupa ya soda unaitia maji kiasi, unaiziba, unaigeuza mdomo chini, unaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, na kizibo kikishindwa kuvumilia, maji yanatoka chini kwa nguvu na chupa inakwenda juu.

Kusema ni rahisi. Chupa za maji ya kunywa zilinipasukia mpaka nikajua kwamba za soda ndizo zinazovumilia. Kizibo cha mpira sikukipata dukani, nikakichonga kutoka kandambili yangu ya mguu wa kushoto, nikakitoboa katikati na kupitisha vali ya tairi la baiskeli. Mabawa niliyakata kwenye mfuniko wa ndoo. Jioni baada ya jioni nilikuwa uani kwa mama mwenye nyumba wangu na mkasi, gundi na vidole vilivyokatikakatika, na kila roketi niliyoirusha ilipanda kidogo, ikapinduka, ikarudi kichwa chini miguu juu.

Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni bila kujua. Tulipokuwa wadogo tulirushiana magunzi ya mahindi. Gunzi tupu lilijigeuzageuza hewani na kuanguka popote. Gunzi ulilolibakizia maganda yake nyuma lilikwenda limenyooka, likampiga uliyemkusudia. Kichwa kizito, mkia mwepesi. Nikashuka bondeni nikachukua udongo wa mfinyanzi, nikafinyanga donge kama limau, nikalifunga kwa nailoni na kulishindilia kwenye pua ya roketi. Kisha nikaifunga roketi kamba katikati na kuizungusha juu ya kichwa changu, kwa sababu roketi iliyo sawa hutanguliza pua inapozungushwa, na mbovu hutapatapa. Mama mwenye nyumba alitoka jikoni akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwalimu, hicho kitu kisije kikaniua na ukawa huna la kuwaambia wanangu."

Ilitanguliza pua. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, na mama akarudi jikoni akitikisa kichwa.

Tuliirusha mara ya kwanza nyuma ya shamba la shule, mimi na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Iliipita mikaratusi. Wanafunzi walipiga kelele mpaka walimu wakatoka ofisini, na wa kwanza kufika alikuwa mtani wangu, simu mkononi. Tukairusha tena, akapiga picha ya video. Jioni ile aliituma kwenye kundi la WhatsApp la walimu na sauti yake ikisikika juu ya zote: "Oneni kazi, jamani, oneni kazi." Pongezi zikaanza kumiminika kwake. Hakusema ni yake. Hakusema si yake pia, aliweka tu alama za mikono inayoshukuru. Nami nikanyamaza nikidhani ukweli unajitembeza wenyewe.

Ukweli haujitembezi. Mahafali ya kidato cha nne yalipokaribia, mkuu wa shule alituambia kwenye kikao kwamba mgeni rasmi anatoka mkoani na kwamba mwaka huu tutakuwa na jambo jipya. "Mwalimu wa hesabu atatuonyesha roketi yake," akasema. Nikainua mkono.

"Mkuu, ile roketi..."

"Mtani," akadakia yule bwana, "wewe kaa kimya. Siku hiyo wewe utakula pilau tu. Wangoni na kuruka wapi na wapi? Ninyi mnajua kukimbia."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mkuu naye akacheka huku akifuta miwani. Nami, Mungu shahidi, nikacheka, kwa kuwa mtani hakasirikiwi. Baadaye nilimfuata mkuu ofisini kwake nikamweleza taratibu kwamba roketi nimeitengeneza mimi. Alinisikiliza. Akasema, "Madam, roketi ni ya shule. Na tuseme kweli, mwanamke kuchuchumaa na pampu mbele ya meza kuu, umevaa gauni, inapendeza?" Nikaagizwa niikabidhi ili mhusika apate muda wa kujiandaa.

Niliikabidhi. Nilikuwa nimetumia kandambili yangu, jioni zangu na ngozi ya vidole vyangu, na nilichotaka ni kitu kimoja tu, mtu asimame mbele ya watu aseme hii ni ya madam wa fizikia. Sikutaka zawadi wala cheti. Nilirudi nyumbani nikamlaani yule mtu kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipokwisha nikaendelea kwa Kingoni.

Siku moja kabla ya mahafali tulikuwa ukumbini tunapamba. Sisi watu wa huku hatumpokei mgeni rasmi bila kupamba: meza inavikwa satini, viti vinafungwa vishada, nguzo zinazungushiwa utepe, na ingekuwa amri ya kamati ya mapambo, hata mgeni mwenyewe angefungwa ua mgongoni. Niliingia nikiwa nimebeba pampu niliyosahau kuikabidhi. Roketi yangu ilikuwa juu ya meza, na sikuitambua. Mkiani ilikuwa imefungwa tepe ndefu za rangi za bendera, na ua kubwa la satini limebanwa kati ya mabawa. Pua yangu imeng'olewa. Mahali pake palikuwa na pua mpya iliyochongwa kwa sponji la godoro, nyepesi kama unyoya, imevikwa karatasi ya dhahabu inayometameta.

Donge langu la udongo lilikuwa mlangoni. Watu walikuwa wameshalikanyaga.

"Mtani, umeona?" akaniuliza, mkasi mkononi, uso umejaa furaha ya kweli. "Lile tope lilikuwa kama kiota cha nyigu. Mbele ya mgeni rasmi, tope? Tungeonekana watu wa porini."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo kumwambia, kwa maana mwalimu ni mwalimu, na kosa likiwa ubaoni mkono unawasha kulifuta. Neno lilishafika kwenye ulimi: kichwa kizito, mkia mwepesi. Yeye akaweka kidole midomoni.

"Shh. Usianze Kingoni chako. Kaa kimya, uone uzuri."

Nikakaa kimya.

Sijui kama nimewahi kutii amri kwa raha kiasi hicho. Nikamkabidhi pampu. Nikamsifia hata tepe. Moyoni nilikuwa nasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na usoni nilikuwa natabasamu kama mama wa bwana harusi. Usiku ule nililala vizuri kuliko nilivyolala wiki zote zilizotangulia. Asubuhi nikapiga pasi gauni langu zuri, nikasali. Kwenye Baba Yetu, nilipofika "utusamehe makosa yetu," nikaruka kipande kinachofuata nikaenda moja kwa moja kwenye kishawishi. Akutendaye mtende, walisema wazee.

Jua lilikuwa kali, vumbi jekundu limetulia kwa maji yaliyonyunyizwa. Mgeni rasmi alikaa meza kuu chini ya turubai, keki mbele yake. Zikaimbwa nyimbo, ikasomwa risala, kisha mshereheshaji akatangaza roketi. Mtani wangu akatoka amevaa suti ya bluu na miwani myeusi. Akashika kipaza sauti. "Ndugu mgeni rasmi, wazo hili lilinijia..." Akaeleza jinsi lilivyomjia. Nilikuwa safu ya walimu, mikono imekunjwa mapajani, nikimsikiliza akisimulia jioni zangu kama alikuwemo. Kama bado nilikuwa na chembe ya huruma, ilikufa pale.

Akachuchumaa, akapampu. Suti ikambana, jasho likamtoka, na kizibo cha kandambili yangu kikafanya kazi yake barabara. Roketi ikachomoka. Ilipanda kama urefu wa mlingoti wa bendera, tepe zikipepea, na watu wakaanza kushangilia. Ghafla mkia ukataka kutangulia. Ikajipinda, ikajipinda tena, ikashuka kimshazari mpaka chini ya turubai, ikatema maji yake yaliyobaki juu ya meza kuu, kifuani kwa mgeni rasmi, ikazunguka mara moja na kuja kuchomeka kwenye keki kwa ile pua yake ya dhahabu.

Hakuna aliyeumia. Nasema hivyo ili nisionekane mnyama, ila sikuwa nimewaza la mtu kuumia hata kidogo. Nilichowaza ni uso wake. Nao niliuona vizuri: mdomo wazi, miwani imeteleza puani, pampu bado mkononi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa kufurahi, kisha aibu ikapita nikaendelea kufurahi. Wazazi walikuwa wanacheka, wengine wamejifunika khanga. Mkuu wa shule alikuwa amesimama na leso akimfuta mgeni, na macho yake yalikuwa yanamtafuta mtu wa kumla nyama.

Mtani wangu akaokota kipaza sauti. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Ndugu mgeni rasmi, tunaomba radhi sana. Mimi nilipewa kazi ya kurusha tu. Roketi hii, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, imebuniwa na kutengenezwa kwa mikono ya madam wetu wa fizikia, na ukweli lazima usemwe. Madam, hebu simama wakuone."

Uwanja wote ukageuka. Mgeni rasmi akageuka, maji yakimtiririka kwenye tai. Mkuu wa shule aliyeniambia roketi ni ya shule akageuka, na kichwani mwake nikaona ameshakubali kwamba ni yangu. Nilikuwa na la kusema. Ningeweza kutaja sponji, tepe na donge lililokanyagwa mlangoni. Lakini wa kwanza kuuliza angeuliza, wewe uliyaona haya lini? Jana. Na ulisema nini?

Kwetu mtu akitambulishwa mbele ya mgeni rasmi husimama, hupunga mkono, hupigiwa makofi, hukaa. Nikasimama. Nikapunga mkono. Makofi yalitoka kwa mtu mmoja tu, mtani wangu, na alipiga kwa muda mrefu.