Karai la Mama Juu ya Taa ya Msikiti

Wanangu, hii nawasimulia nyinyi tu, ikimfikia demu yeyote wa Form Three nitaikana mchana kweupe.

Hapa Mikumi tumewekewa taa za sola, na ya mbele ya msikiti ilikaa vibaya, imeinua uso juu utadhani inaomba mvua, mpaka anga lote likawa kama uji wa mchele. Sasa jioni ya kutazama mwezi wa Ramadhani, uwanja umejaa, watu wanakodolea macho magharibi wee, hawaoni kitu, na mimi mwanaklabu wa mazingira (nilifuata soda) nikajitia kueleza kwamba taa ya mtaani huvalishwa kofia, imulike njia na si mawingu. Ustadhi akasema haya, panda. Nikapanda ngazi na kanzu yangu, nimebeba karai la mama la maandazi, nikalifunga kwa waya juu ya taa.

Likakubali. Mwanga wote ukashuka ukawa duara chini ya nguzo, watu wakaanza kunisifu, halafu wakaanza kurudi nyuma. Kwenye duara alikuwa anaingia tembo.

Waliokuwa wameshika ngazi walikimbilia msikitini na ngazi yao. Nikabaki nimekumbatia nguzo, na yule mnyama, bila haraka, akaanza kujikuna ubavu kwenye nguzo hiyohiyo, nguzo inayumba, waya unalia, mimi nimesahau dua zote isipokuwa ile ya kula. Kitu cha moto kikashuka mguuni (msiniulize). Ili nisitazame chini nikatazama mbali, na huko juu ya mlima nikauona, mwembamba kama ukucha uliokatwa.

"Ustadhi, mwezi ule pale!"

Sauti yake ikatoka dirisha la msikiti, "Salumu, juzi ulituambia kuna chatu chooni."

"Wallahi nauona."

Tembo akamaliza kujikuna, akaelekea kwenye mahindi ya watu, nami nikasikiliza nyayo zake mpaka zilipopotea ndipo ngazi ikarudi.

Nilitaka kuteleza nyumbani kimyakimya, lakini shahidi wa mwezi lazima asimame mbele ya watu. Nikasimamishwa kwenye duara, ule mwanga nilioushusha kwa mikono yangu mwenyewe ukanimulika kanzu, na kanzu nyeupe haifichi kitu. Ustadhi akaitazama juu mpaka chini.

"Leo hatanii," akasema. "Kesho tunafunga."

Karai bado liko juu, na nyota sasa tunaziona. Mama analitafuta mpaka leo. Mimi nguzo sipandi tena, na kutania nimepunguza, maana sitaki kuaminiwa kwa njia ile mara ya pili.