Punda Anayesubiri Jibu

Katuni yenyewe haina mambo mengi. Kuna punda mdogo wa kijivu aliyevaa gambuti nyekundu za mvua, na kila siku amepoteza kitu: leo ndoo, kesho soksi, kesho kutwa kijiko cha uji. Anakitafuta polepole nyuma ya kuku na chini ya kitanda, na mtoto wa miaka mitatu hukiona kabla yake. Hapo punda anasogea mbele mpaka sura yake inajaza televisheni yote, anainua nyusi, anauliza kiko wapi, halafu ananyamaza. Anasubiri kwelikweli. Hakuna muziki wala mtu wa kumharakisha. Baadaye anageuka, anakipata, na kwa furaha anaruka mara tatu. Basi, imeisha.

Mwanzoni niliidharau. Mimi ni mtu wa filamu za kukimbizana na magari kulipuka. Lakini nashona sare za shule humu humu nyumbani, televisheni iko mbele ya cherehani, na siku moja nilijikuta nimesimamisha pedali kwa sababu soksi ya punda ilikuwa juu ya pembe ya ng'ombe na yeye haioni. Nilikasirika kabisa. Binti yangu aligeuka, akaniona nilivyokunja uso, akacheka mpaka akaketi chini. Tangu siku hiyo, ikifika saa kumi na moja jioni, watoto wanne watano wa ploti walikuwa wakija kujipanga sakafuni, naye akikaa mbele yao kama mwenye nyumba, nami nikishona huku jicho moja liko kwa punda.

Tunaishi Kibera, upande wa Soweto East, chumba cha katikati ya ploti, safu ya vyumba vya kupanga. Mlango unafunguka kwenye koridoo iliyoezekwa mabati na dirisha hakuna, kwa hiyo taa huwaka mchana kutwa. Stima ikipotea, hata kama ni adhuhuri, huoni mkono wako. Mke wangu huuza mboga karibu na geti la mtaa wa Nyayo Highrise na hurudi jioni, kwa hiyo mchana mtoto ni wangu.

Alikuwa na miaka mitatu na nusu na alikuwa haongei. Alikuwa na sauti mbili tatu tu, ya kutaka uji, ya kukataa kuoga. Mke wangu alianza kuwa na wasiwasi mapema. Mimi nilikuwa na majibu tayari. Nilimwambia kwamba nyumbani mtoto anasikia Kiluhya, nje anasikia Sheng, kwenye televisheni Kiswahili kilichopigwa pasi, kwa hiyo anapanga lugha zake kichwani kwanza. Nilimwambia kwamba hata mimi, kwa maneno ya mama yangu, nilikaa kimya hadi karibu niende shule, na sasa ni nani anaweza kuninyamazisha? Alicheka kidogo. Mimi nilicheka zaidi yake, kwa sababu nilikuwa na hofu kuliko yeye.

Ushahidi wangu mkubwa ulikuwa punda. Mtoto alicheka pale pale pa kucheka. Punda akiuliza, alinyoosha kidole. Punda akiruka, aliruka mara tatu, hakosei hata moja. Nilijiambia kwamba asiyesikia hawezi kujua pa kucheka, na hilo nililishika kwa mikono miwili.

Hata hivyo nilimpima kwa siri. Siku moja, akiwa ameketi kwenye benchi amenipa mgongo, nilichukua pasi ya makaa, ikiwa baridi, nikaiangusha juu ya benchi hiyo, upande wa pili. Aligeuka mara moja, macho yamemtoka. Nilimbeba nikamzungusha hewani kwa furaha. Sikurudia tena, na sasa najua kwa nini sikurudia.

Mtu wa kwanza kulisema wazi alikuwa dada yangu mkubwa. Anaishi Kawangware, na kazi yake ni kukaa na watoto wa watu chumbani mwake wakati mama zao wako kazini. Tulikuwa tukienda kwake kila Jumapili baada ya kanisa. Jumapili hiyo nilikuwa nimeenda na mtoto peke yetu, chai imeshamiminwa, mtoto yuko mbele ya televisheni, ndipo dada aliponivuta kando.

"Hebu niambie ukweli," alisema. "Huyu mtoto huwa anakuskia?"

"Anaskia poa sana. Usianze."

"Nimemuita mara tatu nikiwa nyuma yake. Hajageuka."

"Alikuwa anaangalia katuni. Hata wewe ukishika simu, mtu anaweza kukuita hadi ashikwe na homa."

"Mimi naona watoto kila siku, ndugu yangu. Mpeleke waangalie masikio. Kuuliza si vibaya."

"Ama unataka awe mgonjwa ndio ufurahi?"

Nilisema hivyo kwa sauti, majirani zake wakisikia. Nilimbeba mtoto nikaiacha chai mezani. Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba dada ameanza kujifanya anatufundisha kulea, na kwamba hatuendi Kawangware kwa sasa. Sikumwambia kuhusu masikio. Miezi miwili ilipita.

Ilikuwa miezi mibaya. Mdomo wangu ulikuwa umekataa lakini macho yalianza kumchunga mtoto. Nilimwangalia muuza maziwa akipiga kengele na yeye hageuki, nikasema amezoea. Nilimwangalia akija kuegemeza kiganja kwenye meza ya cherehani kila nilipokanyaga pedali, na kukiondoa nikisimama, nikasema anapenda kazi ya baba. Nilishona sare moja mikono yote miwili ya kushoto, kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nijifunze ufundi. Kila saa kumi na moja, punda alipokuja mbele na mtoto akanyoosha kidole, nilitulia kwa nusu saa.

Kisha siku moja stima ilipotea, na iliporudi ilirudi na nguvu zote. Taa iliwaka nyeupe, kitu kikalia paa ndani ya televisheni. Picha ilibaki. Sauti ilikufa. Nilibonyeza, nikapiga mgongo wa televisheni kama kila mtu anavyofanya, wapi.

Saa kumi na moja watoto wa ploti wakaja.

"Uncle, weka sauti!"

"Imeharibika."

"Sasa tutaskia aje?"

Walijaribu kuvumilia. Punda akafungua mdomo na hakuna kilichotoka, wakatazamana. Mmoja alisema inaboesha. Waliondoka mmoja mmoja kwenda kucheza kwenye koridoo, na chumba kikabaki na mimi na binti yangu. Yeye hakuwa ameinuka. Hakuwa ameangalia watoto wala kunigeukia kuuliza kulikoni. Siku hiyo punda alikuwa amepoteza mwavuli, na mwavuli ulikuwa umening'inia kwenye mkia wake mwenyewe. Punda alisogea mbele, akainua nyusi, akasubiri. Binti yangu alinyoosha kidole. Alicheka. Punda aliruka mara tatu na yeye akaruka mara tatu, pale pale, bila kukosea, kama jana na juzi na siku zote.

Hakuna kilichokuwa kimebadilika kwake. Hiyo televisheni ilikuwa imekufa sauti tangu siku ya kwanza.

Nilisimama nyuma yake nikaita jina lake. Nikaliita tena. Nikaliita kwa nguvu hadi jirani akagonga ukuta wa mabati akiuliza, "Fundi, kuna nini huko?" Binti yangu alikuwa akitazama majina yakipanda mwishoni mwa katuni, anakuna goti. Nikakumbuka pasi. Sakafu yetu ni simiti lakini benchi ni ubao mmoja mrefu. Alikuwa ameihisi matakoni, si masikioni. Nikakumbuka kiganja chake kwenye meza ya cherehani. Nikaelewa pia kwa nini alimpenda punda kuliko kitu chochote. Sisi wengine tulimwongelesha tukiwa tumempa mgongo, tukiwa jikoni, tukiwa tumeinamia sindano. Punda peke yake ndiye aliyekuja mbele, akaonyesha uso wote, akangoja.

Halafu nikakumbuka giza, nikaketi.

Stima ikipotea, binti yangu hulia kilio cha kutisha. Kila mara, mimi nilibaki kwenye cherehani, nikipapasa kutoa sindano kwenye kitambaa isije ikaharibu kazi, nikisema, "Baba yuko hapa. Si niko hapa?" Yeye akizidi. Mimi nikipandisha sauti, nikigomba, mtoto gani huyu haambiliki. Siku moja niliamua nimwache alie hadi achoke ili azoee. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Kwake yeye, taa ilizimika na baba akawa hayupo.

Mke wangu aliporudi nilimwambia yote, hata la Kawangware. Aliweka beseni la mboga chini.

"Dada alikwambia lini?"

"Miezi miwili."

"Miezi miwili," alisema. Nilitaka anitukane. Alikaa tu akirudia miezi hiyo miwili, kisha akamchukua mtoto akamshika usoni kwa mikono yote miwili, akamtazama sana.

Jumapili tulienda Kawangware. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, nilipofika mlangoni yakanipotea. Dada yangu alisema, "Ingieni, chai iko." Hakunitazama mimi. Alichuchumaa mbele ya mtoto hadi nyuso zao zikalingana, akasubiri. Mtoto alipomtazama ndipo akatabasamu na kufungua mikono. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mwaka mzima kabla ya ugomvi wetu na sikuwahi kujua ni kitu.

"Ngoja akuone kwanza, ndio umwongeleshe," aliniambia. "Na nilishauliza kliniki. Wanapima Jumanne."

"Uliuliza lini?"

"Siku ile uliniachia chai."

Nilisema nisamehe. Alisema ninywe hii sasa kabla haijapoa.

Jumatatu nilishona vibaya siku nzima. Nilikuwa na hofu za kila aina. Labda wangesema hawezi kusaidiwa. Labda wangesema angeweza, kama tungekuja mapema. Sikujua kama kuna shule ingemkubali, wala mtoto asiyesikia anavukaje barabara, na akikua atajuaje mlango ukigongwa. Zaidi nilijiuliza ningejibu nini daktari akiuliza ni lini tulianza kuona dalili. Nilikuwa nashona kola ya sare, yeye amekaa kitandani akipanga vifungo vyangu kwa rangi, stima ikapotea.

Alianza kulia papo hapo. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe kusema baba yuko hapa, na nikaufunga. Niliacha sindano ndani ya kitambaa. Niliinuka, benchi ikaanguka, nikapata simu mfukoni, nikawasha tochi. Kwanza nilimmulika yeye, akafumba macho akalia zaidi. Nikaigeuza. Nilijimulika usoni mwenyewe, nikasogea karibu, karibu zaidi, hadi nikawa na hakika kwamba haoni kingine chochote ila mimi. Nikainua nyusi. Kisha nikanyamaza nikasubiri.

Ilichukua muda. Mimi si mtu wa kusubiri na sijawahi kuwa. Kwenye koridoo watu walikuwa wakiilaani stima, mtu akiuliza nani ana mshumaa. Kilio kilipungua, kikawa kwikwi. Alinyoosha mkono akanishika kidevu, shavu, mdomo ambao haukuwa ukisema kitu. Nilikuwa nalia na niliacha machozi yaende. Alinitazama sana, kama mtu anayetaka kuhakikisha. Halafu alinionyesha kwa kidole, akateleza kutoka kitandani, vifungo vikamwagika, akasimama mbele yangu kwenye ule mwanga mdogo na kuruka mara tatu.