Kibebeo cha Spea cha Baba Sofia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya serikali pale Masasi, nilikabidhiwa ufagio. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha kuchomelea vyuma, ovaroli yangu mpya imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Msimamizi wa Karakana wa wakati ule alinitazama kichwani hadi miguuni akasema, "Binti, hapa hatujapata kuwa na fundi mwanamke. Anza na stoo, tutaona." Nikaanza na stoo. Msinionee huruma, maana stoo ilinifundisha mengi: kupima boliti kwa kidole, kuijua beringi ya gurudumu la mbele kwa kuishika tu, na kumtambua fundi mvivu kwa vitu anavyokuja kuomba.

Fundi Mkuu, mzee wa Kimakua mwenye maneno machache, ndiye aliyeniachia mashine ya kuchomelea wenzangu wakienda kula. Kwa msioijua kazi hii, kuchomelea si kugandisha. Unaviyeyusha vyuma viwili kwa moto wa umeme kwenye ncha ya kijiti cha kuchomelea mpaka vishikane kuwa kimoja, kisha unagonga yale magamba meusi yanayobaki juu ili uone kilichoko chini yake. Mzee aligonga magamba yangu kwa muda mrefu sana akisema "Rudia, binti," na mimi nikirudia, mpaka uhamisho wangu wa kwenda Newala ukatoka.

Newala iko juu mlimani, na karakana yake ilikuwa ndogo, yenye mashine moja. Msimamizi wa huko alikuwa mwenyeji wa Bukoba, mtu wa adabu, shati limechomekewa, asiyepandisha sauti hata akiudhika. "Bibie," aliniambia, "fundi aliyekuwepo amehama. Mashine utaishika kwa majaribio. Kazi ya kwanza ikiharibika, stoo ya Masasi bado inakuhitaji." Nilitoka ofisini nikaenda moja kwa moja kwenye mashine. Stoo nilikuwa nimeishukuru vya kutosha, sikutaka kuirudia.

Kazi yenyewe ya kwanza ilikuwa gari la wazazi, landrova ya idara ya afya iliyokuwa ikiwachukua kina mama wajawazito kutoka Mnyambe, Mkunya na Kitangari kuwaleta hospitali. Nyuma yake palikuwa na kibebeo cha spea tairi alichokibuni dereva mwenyewe, Baba Sofia, kwa vyuma vya kitanda na bawaba mbili za geti. Tairi lilining'inia mbele ya mlango wa nyuma, na bawaba zimeshikizwa kwenye bati la bodi. Bati ni jembamba, tairi ni zito, na barabara yetu wakati ule ilikuwa mawimbi matupu. Bati likapasuka, kibebeo kikainama, na kuufungua mlango kukahitaji wanaume wawili, mmoja wa kuinua na mmoja wa kuvuta. Muuguzi Mkunga aliyesafiri na gari hilo alikuwa amechoka. "Mama yuko na uchungu," alimwambia Msimamizi mbele yangu, "na mimi nazunguka soko zima natafuta wanaume wa kunifungulia mlango!"

Kilichokuwa kigumu si chuma, bali Baba Sofia. Alikipenda kibebeo kile kama mwanawe wa mwisho. Tena yeye ni Myao wa Masasi, mimi Mmakonde wa Mkunya, kwa hiyo ni watani. Nyinyi vijana mnaotanguliza kununa, jueni kwamba mtani anakutukana hadharani, anakuchukulia kuku wako, na huna ruhusa ya kukasirika. Asubuhi ile nilimkuta amekaa juu ya bampa.

"Shikamoo, Baba Sofia."

"Marahaba, mama. Na huo nsumeno wa nini?"

"Nimekuja kulizika dude lako."

"Dude? Mmakonde anajua gari huyu? Ukikata hapo, nakukata nkono!"

"Myao kufunga tairi kwa bawaba za geti! Ulidhani hili ni zizi la mbuzi?"

Tukaendelea hivyo, kwa raha zetu, mpaka tukaitwa ofisini. Msimamizi alikuwa ametusikia kupitia dirishani.

"Nimesikia mtumishi akitishiwa kukatwa mkono," alisema taratibu. "Siwezi kuwa na uadui wa namna hii kazini. Mmoja wenu atahama."

Gari lile lisingeachwa bila dereva, hivyo wa kuhama nilimjua. Baba Sofia naye aliacha kucheka. Alivua kofia akaishika kifuani.

"Mkubwa, huyu ni ntani wangu. Nisipomtukana mimi, atatukanwa na nani? Atakaa hapa kama yatima?"

Msimamizi alitutazama kwa zamu. "Kwetu pia utani upo," akasema, "lakini hatukatani mikono." Akafikiri. "Haya. Tengeneza hicho kibebeo, bibie. Tutashuka nacho mteremko wa kwenda Masasi, mimi mwenyewe nikiwa ndani. Halafu nitaamua nani anahama."

Nikaingia kazini. Fremu ya Baba Sofia sikuitupa, kwa sababu ilikuwa imara na ililishika tairi barabara kwa boliti zake tatu. Nilichohamisha ni uzito. Niliuondoa kwenye bati nikaupeleka kwenye bampa, na bampa nikaifunga kwenye chesisi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa gari. Mahali pa bawaba za geti niliweka habu, yaani kile kitovu gurudumu linapozungukia, kutoka landrova iliyokufa nyuma ya karakana, yenye beringi mbili ndani zilizojaa grisi. Juu yake nikachomelea mkono wa bomba nene wa kulibeba tairi. Mwisho wa mkono niliweka kiti, kipande cha chuma chenye mwinuko kidogo: mkono ukifungwa unapanda pale na kukaa, ili safarini uzito wote usibebwe na habu peke yake. Kisha komeo, la kujifunga lenyewe ukilisukuma.

Baba Sofia hakuondoka. Alileta kigoda chake, akala mihogo yake ya kuchemsha na akanitukana tangu asubuhi hadi jioni. Lakini nilianza kuyasikiliza matusi yale kwa sikio la kazi. Aliposema, "Nkono wenyewe mrefu, utanesanesa kama ngomba," nilipima nikaona kweli, nikaongeza kipande cha pembetatu kwenye kona ili usinese. Aliposema komeo langu litamng'oa Sista, yule Muuguzi Mkunga, kucha, nililigeuza. Nilimtukana vilevile na nikatia chumvi, lakini moyoni nilimshukuru. Wakaguzi wengine hukagua kwa macho, wanasema "sawa sawa" na kwenda zao.

Siku ya majaribio tulipanda wanne: Msimamizi, Muuguzi Mkunga, Baba Sofia kwenye usukani, na mimi nimekaza macho kwenye kibebeo. Gari lilirukaruka kwenye mawimbi na tairi nyuma halikutoa hata mlio. Baba Sofia alitafuta mashimo makusudi, nikamwona. Katikati ya mteremko, Msimamizi akaamuru tusimame.

"Nitatoka kwa mlango wa nyuma," alisema. "Kama mgonjwa."

Nikashuka nikafungua komeo. Mkono ukazunguka kwa kidole kimoja, nikafurahi kupita kiasi, nikaufungua mlango. Msimamizi akatoa mguu mmoja. Gari lilikuwa limeelekeza pua chini, na beringi zangu zilikuwa laini mno. Tairi likarudi lenyewe, taratibu, bila haraka, likausukuma mlango, mlango ukamsukuma Msimamizi ndani, komeo likalia *kach!*

Baba Sofia aliketi chini barabarani kwa kicheko. "Mmakonde, umetengeneza ntego wa panya! Umemnasa mkubwa! Kitu laini kwenye nteremko, nani atakishika kisirudi?"

Kina mama waliokuwa wakipanda na ndoo za maji walizitua ili wacheke vizuri. Mimi sikucheka. Nilifungua nikijiona tayari nimeshika ufagio wa Masasi. Msimamizi alishuka, akajipangusa shati, akalichomekea upya. Alilitazama tairi. Akanitazama mimi. Muuguzi Mkunga alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

"Fundi," alisema, kwa sauti ileile ya ofisini, "nimesikia huku mnapenda kula panya. Sikujua mnapenda wanene kiasi hiki."

Baba Sofia alipiga ukelele akaanza kupiga makofi. Nami nikacheka, nikalia, nikacheka tena, kwa sababu alikuwa ameniita fundi.

"Weka pini ya kuuzuia mkono ukiwa wazi," akaongeza. "Gari linatakiwa Mnyambe. Hakuna anayehama."

Nikatoboa tundu kwenye bampa, nikatia pini yenye springi inayodumbukia yenyewe mkono ukifika mwisho. Muuguzi Mkunga aliporudi kutoka Mnyambe alinisimulia kwamba alifungua yote mwenyewe, kwa nyonga, huku mama wa watu amemwegemea begani. Tangu hapo magari yakaja, ya idara ya maji, ya kilimo, mpaka la Mhandisi wa Wilaya, kila moja likitaka mkono wa aina ile. Mashine ile niliishika mpaka nilipostaafu.

Siku hizi vijana wa karakana za mtaani huniamkia shikamoo, na kila ninachogusa wanakisifu. Ni adabu nzuri, na inanichosha. Majuzi nilichomelea geti la nyumba yangu, nikampigia simu Baba Sofia. Amezeeka, miguu haina nguvu, lakini alipanda basi kutoka Masasi, kisha bajaji hadi mlangoni kwangu. Hakuingia ndani. Alipitisha kiganja kwenye maungio, moja baada ya jingine, akainama kutazama ya chini, akalifungua geti na kulifunga. Akarudia kulifungua na kulifunga mpaka nikaanza kuogopa, mtu mzima mimi, kama siku ile mteremkoni.

"Rangi yake mbaya," akasema mwishowe.

Nikaenda jikoni nikamchinjia jogoo.